Mlango Juu ya Tope

Hapo zamani, mto Kinyolwe ulipokuwa bado haujaamua pa kupita, palikuwa na mwanamke aitwaye Somoe katika kijiji cha Mbwegere, na mto ulimlia shamba lake. Kaeni vizuri. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Nasema ulimlia shamba, sisemi ulimfurikia. Mafuriko watu wa Mbwegere waliyazoea: maji huja, hukaa, huondoka, watu wakarudi kulima. Lakini mwaka ule maji yalikuja kwa ubavu. Yaliupiga ukingo wa upande wa Somoe, ukingo ukaanguka pande kwa pande, na mahindi yake yakaondoka na ardhi yake chini, yamesimama wima kama abiria. Somoe alisimama akayatazama mpaka yakapotea kwenye kona.

Shamba hilo lilikuwa la marehemu mume wake, Mbonde, na Mbonde alikuwa na wake wawili. Nusu ya juu alilima Somoe, mke mkubwa. Nusu ya chini alilima Nanjuma, mke mdogo. Mto haukubagua. Ulikula ya mkubwa, ukala na ya mdogo.

Wanawake hawa hawakuwa maadui, ila hawakuwa wakiombana chumvi. Tangu matanga ya Mbonde yalipoanuliwa, Somoe aliishi kwenye kibanda chake na binti zake wawili, Tunu na Mboni. Nanjuma, ambaye hakujaliwa mtoto, alibaki katika nyumba ya Mbonde akimtunza mama mkwe wao, Bi Hadiya, kikongwe ambaye hakuweza tena kusimama bila kushikwa mkono. Mafuriko yaliibomoa hata nyumba hiyo. Zilisalia kuta mbili na mlango. Ulikuwa mlango wa mninga, Mbonde aliutengeneza mwenyewe siku zake za nguvu, akaupigilia misumari yenye vichwa vikubwa, mistari mitatu imenyooka. Ukumbukeni mlango huo.

Sasa, mto ulikula upande ule, ukatema upande huu. Pale kwenye kona, chini kidogo ya kijiji, maji yalipopungua watu waliona kipande kipya cha ardhi ambacho mwaka uliopita hakikuwepo. Kilikuwa tambarare, cheusi, kinang'aa. Tope jipya.

Na tope la Kinyolwe si tope la kuchezea. Likikauka ukalisugua kwa vidole ni laini kama unga uliochekechwa mara mbili, halikwaruzi kama kichanga. Likilowa linateleza kama sabuni, lakini halifinyangiki kama udongo wa vyungu. Linashika maji siku nyingi, kwa hiyo mhindi uliomo humo haulii kiu upesi. Rutuba yake ndiyo usiseme, watu wa mlimani walikuwa wakishuka kulichota kwa vikapu. Ila linadeka. Ukilikanyaga likiwa bichi linashikamana, na pale ulipokanyaga mizizi haipiti msimu mzima. Mvua ikilichapa likiwa tupu, kisha jua likawaka, juu linafunga ukoko mgumu na mbegu iliyo chini inafia gizani. Na maji yakipata upenyo mdogo tu yanalibeba lote, maana chembe zake ni nyepesi, hazina pa kushikana.

Kwa hiyo Mbwegere palikuwa na sheria. Tope jipya halirithiwi, haliuzwi, wala halipewi mtu kwa kuwahi kulisimamia. Tope jipya ni la aliyeliotesha. Siku kijani kikionekana kutoka ukingoni, mshika kamba, yule anayepima mashamba ya bondeni, huja akauliza, "Nani kaliotesha?" Mtu akajibu, "Mimi," akawekewa kamba miguuni, yakaisha. Kulikuwa na sheria ya pili: tope jipya halikatwi. Ukichimba mifereji ya mipaka kabla halijatulia misimu miwili mitatu, mto utaifanya mifereji hiyo njia zake, na mwakani hutakuwa na cha kugawa. Na hata lingekatwa, kipande kile cha kwenye kona kilitosha chungu kimoja tu. Nyumba moja ingekula mpaka msimu mwingine. Nyumba mbili zingelala njaa zote mbili.

Maji yalipotulia, Likwati, kaka yake Somoe, akashuka kutoka mlimani. Alikuwa mtu mwema, lakini mwema mwenye haraka. Hakukubali hata kukaa.

"Dada, shamba huna."

"Najua, kaka."

"Na mimi kwangu ni changarawe. Napata muhogo, na muhogo wenyewe wa kupimiana. Siwezi kuwalisha watatu. Tunu atakwenda kwa mama mdogo kule ng'ambo. Mboni atabaki kwangu. Wewe tutakutafutia pa kujishikiza."

"Unanigawia watoto kama vifaranga?"

"Sijawagawa mimi, dada yangu. Usinione mbaya. Mwezi mpya ukiandama nakuja kuwachukua, labda nikukute una shamba."

Akaondoka. Tunu na Mboni walikuwa nyuma ya kibanda wakichambua majani ya maboga, na Somoe hakujua wamesikia au hawakusikia. Walikuwa wamenyamaza mno kwa watoto wa umri wao. Tangu siku hiyo Somoe alikaa roho juu. Akilala, aliota ukingo unaanguka, na juu ya ukingo wamesimama watoto.

Somoe hakuwa peke yake aliyelitazama tope lile. Palikuwa na Mkeyenge, mwanamume wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye shamba lake la zamani lilipakana na tope jipya kwa nyuma. Kabla hata maji hayajakauka vizuri, Mkeyenge alikuwa tayari yumo mtoni mpaka kiunoni, anachomeka vipande vya matete kando ya kona nzima. Alipomaliza matete akakata miiba, akaziba upande wa njia ya ng'ombe. Kila ng'ombe aliyechungulia alikula fimbo, na kila mtu aliyechungulia alikula maneno. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mkeyenge analinda uji!" Mwenyewe wala hakugeuka.

Kila asubuhi Somoe alifika ukingoni, akainama, akachota donge, akalibana kiganjani, akaliachia lianguke. Donge likipasuka, tope liko tayari. Likijibandika mkononi, bado.

Asubuhi moja akabana, likajibandika. Bado.

Asubuhi nyingine akabana, likajibandika. Bado. Akautazama mwezi uliokuwa umechelewa kutua, akauona umekonda.

Asubuhi iliyofuata akabana, donge likapasuka nusu, nusu ikabaki kiganjani. Somoe akaitazama ile nusu iliyopasuka, akakataa kuitazama ile nyingine.

"Mama Tunu," Mkeyenge akamwita kutoka kwenye matete. "Usiingie. Bado bichi."

"Baba, mwezi unakwisha."

"Mwezi haulimi."

"Kaka yangu anauhesabu."

Mkeyenge angeweza kumzuia. Fimbo alikuwa nayo na miiba ilikuwa yake. Alimtazama, akatazama kibuyu alichokibeba, kisha akageuza uso akaendelea kushindilia matete yake.

Kibuyu kile kilikuwa na mbegu za mwisho. Kilining'inia juu ya jiko siku zote za mafuriko, kinafukizwa moshi, na chini yake watoto walikula majani ya maboga wakikitazama. Tunu aliwahi kuuliza, "Mama, hata kiganja kimoja?" Somoe akasema hapana, akatoka nje ili asiwaone nyuso zao. Sasa akaingia nacho kwenye tope. Kijiti kinatoboa, mbegu inaingia, mguu unafukia. Kijiti, mbegu, mguu. Na kila mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Alijua anachokifanya. Mtoto wa bondeni yeyote angejua. Aliharakisha tu, kama mtu anayefukuzwa, na alipofika mwisho akageuka nyuma akaona nyayo zake zimejipanga shamba zima. Hofu ikamshika papo hapo, lakini mbegu zilikuwa zimeshaingia.

Mvua ikaja alasiri ile ile. Haikuwa ya kulalia. Ilikuwa ya kuchapa, matone makubwa yaliyoruka juu yakipiga tope. Huko juu ya mto nako ilinyesha, maana maji yalipanda yakaanza kuitafuna kona. Somoe alisimama ukingoni ameshika kichwa. Matete yakalala, maji yakapita juu yake, na yalipopungua matete yakainuka, na mizizi yake michanga ilikuwa bado imeshika. Kona ilikuwepo. Mkeyenge alikaa chini kwenye matope akavuta pumzi ndefu, na Somoe akamwambia, "Mungu akulipe, baba." Mkeyenge akatikisa kichwa tu.

Halafu likaja jua.

Likawaka kesho yake, likawaka siku zilizofuata, na tope likafunga. Juu likawa ukoko mmoja, mweupe, mgumu, kama ule wa chini ya sufuria ya wali uliosahauliwa motoni. Somoe akagonga kwa kidole, pakalia. Akaleta jembe, akapiga pembeni, ukoko ukang'oka kipande kikubwa, na kwenye upande wa chini wa kipande hicho akaona mche umekatika kichwa. Akalitua jembe. Akajaribu kuingia katikati avunje kwa mikono, mguu ukatoboa ukoko ukazama kwenye tope bichi lililokuwa chini yake, na akajua kwamba kila hatua anayoikanyaga anaua mimea mingine. Akarudi nyuma. Akiupiga, anaiua. Akiingia, anaiua. Akiuacha, inakufa yenyewe.

Akangoja ukoko upasuke wenyewe. Alingoja asubuhi, alingoja jioni. Mboni akawa anauliza kila akirudi, "Yameota, mama?" Na yeye anasema, "Kesho." Jioni moja Mboni hakuuliza tena, na jioni hiyo hiyo mwezi mpya ukaonekana juu ya mlima, mwembamba kama ukucha.

Somoe hakumngoja Likwati aje kuwavuta watoto mbele ya watu. Kulipopambazuka aliwafunga vifurushi vyao, akapita nao ukingoni. Mtu wa Mbwegere akiondoka shambani kwake na ana nia ya kurudi, husimika jembe pembeni, mpini juu, na hakuna atakayeligusa. Somoe akalitazama jembe lake. Lilikuwa hilo moja, na huko mlimani hakuna anayempa kibarua mtu asiye na jembe. Akalitia begani akapanda. Alilia njia nzima, na watoto wakajifanya hawaoni.

Mlimani, Likwati aliwapokea kwa muhogo wa kuchemsha na maneno machache. Mama mdogo wa ng'ambo angefika siku ya gulio kumchukua Tunu. Mboni alipoelewa, alimshika dada yake nguo na hakuiachia, si kwenye kula, si kwenye kulala. Somoe akawa anatafuta pa kuweka macho. Akasafisha chungu kilichokuwa safi. Akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mwisho akasema, "Nimeacha kinu changu bondeni. Nakwenda kukichukua." Kinu kilikuwa kweli bondeni, lakini si kinu kilichomshusha. Hakutaka watoto wamwone anavyokaa.

Alishuka akiangalia chini. Alipofika ukingoni akainua macho kwa mazoea tu, akaona kijani.

Akafumba macho, akafumbua. Kilikuwepo. Kilikuwa kimetoka nusu ya shamba, mistari mizuri, miche imesimama. Nusu nyingine ilikuwa bado haijatoka, na katikati kulikuwa na mapengo yenye umbo la nyayo, nyayo zake, ambamo hapakuwa na kitu. Furaha ilimpanda mpaka akaiona ardhi inayumba. Halafu akaona alama.

Kwenye tope, katikati ya mistari, palikuwa na alama za pembe nne, kubwa, zimefuatana kuanzia ukingoni mpaka ndani kabisa. Hazikuzama sana. Akainama. Ndani ya kila alama kulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, mistari mitatu, imenyooka. Somoe aliijua misumari ile. Alikuwa ameshika taa siku Mbonde alipoipigilia.

Nanjuma alikuwa chini kwenye maji, anasugua mlango. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa na damu.

"Nanjuma."

"Dada. Umerudi?"

"Umefanya nini kwenye shamba langu?"

Nanjuma akaacha kusugua. "Nilitafuta jembe ukingoni. Sikuliona."

Somoe akazitazama zile alama za mlango. "Ulifanyaje?"

"Nilikuja kuchota maji. Nikabonyeza ukoko kwa kidole tu, ukapasuka, nikakuta chini mche umejikunja, umekuwa wa manjano, unatafuta pa kutokea. Nikaenda zangu. Nikafika kwa mama mkwe, nikashindwa kukaa, nikarudi. Nikaung'oa mlango, nikaulaza juu ya tope, nikaulalia kwa tumbo ili uzito usiangukie mahali pamoja. Nikanyunyiza maji kwa tawi, ukoko ukalainika, nikauvunja kwa vidole, kidogo kidogo. Nikimaliza hapa nausogeza mlango mbele. Dada, ungekuwa wewe ungepita tu?"

"Ulinifanyia mimi?"

"Sikukufanyia wewe. Wala siku ile sikujifanyia mimi. Niliifanyia ile miche." Akavitazama vidole vyake. "Lakini sasa imetoka, na mama hajala kitu cha maana tangu mafuriko. Mshika kamba akiuliza, nitasema mimi. Sitakuficha."

Nawaambia ukweli wa moyo wa Somoe, maana mtu akisimuliwa nusu hawezi kuamua. Alimshukuru Nanjuma mpaka akataka kumpigia magoti, na alimchukia mpaka akataka kumsukuma majini. Vyote viwili, kwa wakati mmoja. Hakufanya hata kimoja. Alisema, "Na mimi nitasema mimi," akapanda mlima mbio kumwambia kaka yake asimtoe Tunu.

Mshika kamba wa wakati ule aliitwa Kindamba. Alikuwa kijana bado, kamba aliirithi kwa baba yake juzi juzi, na tangu airithi kila alipouliza swali lake alijibiwa na mtu mmoja. Akafika ukingoni na kamba yake ya ukindu mkononi, watu wamejaa. Likwati alikuwepo, na vifurushi viwili miguuni pake, na kando yake mama mdogo wa ng'ambo, ambaye alikuwa amekuja gulioni na hakutaka jua limchwee njiani. Tunu na Mboni walisimama wameshikana. Bi Hadiya aliletwa amebebwa, akaketishwa juu ya mlango kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu. Na mlimani nyuma yao wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

Kindamba akakohoa. "Nani kaliotesha?"

"Mimi," akasema Somoe.

"Mimi," akasema Nanjuma.

"Mimi," akasema Mkeyenge.

Watu wakaguna. Somoe akageuka kumtazama Mkeyenge, maana kwa huyu hakujiandaa.

"Haya, mmoja mmoja," akasema Kindamba.

Mkeyenge akaanza. "Nani asiyejua? Mto ulikuja kuichukua kona hii. Matete yangu yakauzuia. Ng'ombe walikuja kulikanyaga, miiba yangu ikawazuia. Bila mimi hawa wawili wangekuwa wanagombea maji. Na shamba langu la nyuma mto umeshaanza kuliegemea, mwakani linakwenda, na nina nyumba ya watu saba. Tope ni la aliyeliotesha, na haliwezi kuota lisipokuwepo."

"Ulipanda matete kwa ajili ya shamba lako la nyuma, si kwa ajili ya tope!" Somoe akasema. "Sema kweli, baba. Ulikuwa unajikinga."

"Nilikuwa najikinga, ndiyo. Sikatai. Lakini matete yameshika kona hii. Na wewe siku ile ukasema Mungu anilipe. Sasa unamzuia?"

Watu wakacheka, kicheko cha wasiwasi, kikafa upesi. Wingu lilikuwa limeongezeka.

Nanjuma akasema, "Mimi sikupanda mbegu. Sikuzuia mto. Nawaambieni nilichokiona. Mbegu zilikuwa chini, mto ulikuwa umezuiwa, na bado hapakuwa na hata jani moja juu. Kila mtu alikuwa amemaliza kazi yake na shamba lilikuwa limekufa. Mwenye mbegu alikuwa ameondoka na jembe lake begani. Mwenye matete alikuwa kwake. Niliyafungulia mahindi kwa hivi hapa." Akainua vidole. "Kama kuotesha si kuitoa mimea nje, basi mnieleze ni nini."

"Mimea ya nani?" Somoe akauliza, na machozi yakamtoka. "Wanangu walikula majani chini ya mbegu hizi. Tunu aliniomba kiganja kimoja nikamnyima. Nilimnyima mtoto wangu! Nanjuma amevunja ukoko, Mungu ambariki, lakini angevunja ukoko wa tope tupu mwaka mzima, angepata nini? Ndiyo, niliingia mapema. Nyayo zangu zile pale, kila mtu anaziona, sizifichi. Ndiyo, niliondoka. Niliondoka kwa sababu mwezi ulinikuta, na sikutaka wanangu wakokotwe. Shamba hili likienda kwa mwingine, Tunu anavuka mto leo. Si kesho. Leo."

"Na likienda kwako, mama mkwe wako anakula nini?" Nanjuma akauliza, polepole, bila ugomvi.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Si waungane, wapike chungu kimoja!" Mwingine akamjibu hapo hapo, "Chungu chenyewe kinatosha nyumba moja, umesahau? Unataka waungane kufa?" Mwingine tena akasema likatwe vipande vitatu, akazomewa na kila mwenye kujua tope.

Kindamba akajipangusa jasho. Akamwinamia kikongwe. "Bi Hadiya, hawa wote wawili ni wake wa mwanao. Wewe unasemaje?"

Bi Hadiya alikuwa akipapasa misumari ya mlango kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. "Usinitwishe mzigo wako, mwanangu. Ningekuwa na nguvu ningelima mwenyewe. Atakayepewa huenda akanilisha. Asiyepewa nitamlilia. Ila fanya haraka, nasikia harufu ya mvua."

Na kweli. Upepo wa baridi ulishuka, na wote wakageuka kutazama nusu ile ya shamba ambayo miche yake ilikuwa bado chini, inasukuma. Kila mtu pale alijua kitakachofuata. Mvua itachapa, jua litawaka, ukoko utafunga tena, na lazima mtu alale juu ya mlango na kuuvunja upya kabla miche haijakosa pumzi. Matete nayo yatahitaji kushindiliwa. Na hakuna atakayechuna vidole vyake kwa ajili ya shamba alilonyang'anywa. Shamba likikosa mwenyewe sasa hivi, halitakuwa na mwenyewe tena.

"Nipe kamba, ninajua nitafanya nini," akasema Mkeyenge.

"Nipe mimi," akasema Nanjuma.

Somoe alimtazama Tunu, na Tunu alikuwa ameshainama kukiokota kifurushi chake, mwenyewe, bila kuambiwa, ili mama yake asihangaike kumpa. Mboni alikuwa bado ameshika nguo ya dada yake. Mama mdogo wa ng'ambo akaangalia mto, akasema, "Maji yakipanda sitavuka."

Tone la kwanza likaanguka kwenye tope, likaacha kishimo. Likaanguka la pili. Kindamba akainua kamba kwa mikono miwili, akapiga hatua mbele, akasimama, akapiga hatua kurudi nyuma. Akamtazama Mkeyenge mwenye matete. Akamtazama Nanjuma mwenye vidole vya damu. Akamtazama Somoe, na nyayo zake zilizokauka nyuma yake. Halafu akawageukia watu wa Mbwegere, na watu wa Mbwegere wakainamisha vichwa, kila mmoja akatazama miguu yake.

Na ninyi msiinamishe vichwa, nawaona. Yuko aliyelikinga tope na mto huku akilikumbuka shamba lake mwenyewe. Yuko aliyetia mbegu zake za mwisho, akazikanyaga kwa hofu, akaziacha. Yuko aliyezifungulia mlango mbegu zisizokuwa zake. Kamba ni moja, chungu ni kimoja, na mvua ndiyo hiyo imeshaanza. Haya, semeni: nani kaliotesha?